Kuku watano na matuta manne ya mboga katika ua mmoja

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ua wangu una mita 10 kwa 12. Hapa tulipo hakuna joto kali wala baridi ya kugandisha maji. Mwaka jana nilianza kufuga kuku watano na kulima mboga. Kuku walifukua miche yote kwa asubuhi moja. Nikawafungia, nikachukua samadi yao nikaimwaga kwenye spinachi, na baada ya siku chache majani yakakauka kingoni kama yaliyopitiwa na moto. Sasa hata mayai yamepungua, napata mawili, siku nyingine matatu, ingawa kuku hawajafika miaka miwili na nawapa mboga za majani tele. Mume wangu ananiambia nichague kimoja, kuku au bustani. Je, ni kweli haviwezi kukaa pamoja? Na lile tuta lililoungua nilifanye nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiuze kuku na usiache bustani. Miche iliyofukuliwa, spinachi iliyoungua na mayai yaliyopungua yanaonekana kama matatizo matatu, lakini nikiisoma barua yako naona yanatoka pamoja: kila kitu kimefika mahali pake kabla ya wakati wake. Kuku waliingia tutani miche ikiwa laini. Samadi iliingia tutani ikiwa mbichi. Na mboga za majani zinaingia kwenye gole la kuku, ule mfuko wa chakula ulio shingoni, kabla ya chakula chenyewe. Kuku na mboga huweza kutumia ardhi moja vizuri kabisa, ila si siku moja.

Hali yako ya hewa ni neema. Kuku mzima huwa starehe kwenye nyuzi 18 hadi 24 hivi za Selsiasi, na letusi, kabichi, karoti na njegere hupenda nyuzi 15 hadi 20. Unaweza kupanda mwezi wowote. Lakini penye barafu kuna kazi inayofanyika bila mkulima kuigusa: baridi huua vidukari wengi, huwalaza utitiri, na ardhi hupumzika miezi kadhaa bila mmea wala kuku juu yake. Kwako hakuna kinacholala. Vidukari wa kabichi inayovunwa huhamia kwenye kabichi inayopandwa. Utitiri huzaana mwaka mzima. Vimelea vya kuhara damu hukaa kwenye udongo uliolowa vikisubiri kifaranga wa kwanza atakayedonoa. Pumziko ambalo wenzako huletewa na barafu, wewe utaliweka mwenyewe kwa uzio na kwa kalenda, na karibu kila nitakalokuambia hapa linatokana na hilo.

Nianze na kufukua. Kuku hafukui kwa ukorofi. Mababu zake ni kuku mwitu wa misitu ya kusini mashariki mwa Asia, ambao hupata riziki kwa kupekua majani yaliyoanguka. Mtazame siku moja kwa karibu: huparua kwa mguu mmoja, kisha wa pili, hurudi nyuma hatua moja, huinamisha kichwa upande na kutazama kilichofunuka. Tuta lililolimwa jana na kumwagiliwa leo ni laini, lina unyevu na limejaa wadudu. Kwake hakuna mahali bora kuliko hapo pa kupekua. Hutamfundisha aache, na mtu akikuambia kuku wake hawagusi miche, muulize miche hiyo ina umri gani.

Kwa hiyo uzio kwanza. Zungushia bustani, si kuku peke yao. Waya wa mita 1.2 hadi 1.5 huwatosha kuku wazito. Juu ya waya usiweke ubao wala mti wa kulala, kwa sababu kuku anayetaka kuruka hutafuta kwanza pa kutua. Ukingo wa waya unaoyumba humkatisha tamaa. Ukiwa na kuku mwepesi anayeruka hata hivyo, mkate ncha za manyoya marefu ya bawa moja tu. Hasikii maumivu ikiwa manyoya yamekomaa, maana shina lake huwa halina damu tena, na yataota upya atakapobadilisha manyoya. Ukikata mabawa yote mawili unamwachia mizani yake na ataendelea kuruka, ingawa chini zaidi.

Sasa namna ya kuwaingiza bustanini kwa faida. Gawa bustani iwe matuta manne yaliyo sawa, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 7.2. Upana huo unakuwezesha kufika katikati kwa mkono kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Kisha tengeneza kizimba cha kusogeza: fremu ya mbao nyepesi isiyo na sakafu, upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4, iliyofunikwa waya pande zote na juu, na theluthi moja ya paa iwe na kivuli. Fremu hiyo inakaa juu ya tuta barabara, na inakaa mara tatu kulimaliza tuta zima.

Tuta likivunwa, usiling'oe magugu wala masalia. Asubuhi wapeleke kuku kizimbani, jioni warudishe bandani. Siku nne mahali pamoja, siku nne panapofuata, siku nne pa mwisho. Ndani ya siku 12 watakuwa wamekula magugu machanga, mbegu zilizoanguka, konokono, sota na mayai yao, na watakuwa wameupekua udongo wa juu ukawa laini kwa kina cha vidole viwili hivi. Usihofu kuunguza udongo kwa njia hii. Kuku mmoja hutoa gramu 100 hadi 150 za kinyesi kibichi kwa siku, na sehemu kubwa hudondoka usiku akiwa bandani. Ukichukua gramu 60 za mchana kwa kila kuku, watano kwa siku 12 ni kilo 3 na nusu hivi, zimetawanyika kwenye mita za mraba zaidi ya 8. Ni kiasi cha heri. Ulichokimwaga kwenye spinachi, nina hakika, kilikuwa mara kadhaa ya hicho.

Usiwaache wiki sita kwenye tuta moja. Wakishamaliza wadudu waharibifu huanza kumaliza nyungunyungu na mende wanaowinda vidukari, na wakikanyaga mahali palepale pakiwa na unyevu udongo hugandamana. Siku 12 zinatosha. Ukiona ardhi imebaki tupu kabla ya siku nne kwisha, sogeza.

Siku ya mwisho kuku kukaa kwenye tuta iandike kwenye daftari, kwa sababu kuanzia hapo kuna hesabu ya afya ya watu wako. Kinyesi cha kuku, hata cha kuku asiyeonyesha dalili yoyote, kinaweza kubeba salmonela na kampilobakta, bakteria wanaowaharisha watu. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka siku 120 zipite kati ya samadi mbichi kuingia ardhini na mavuno ya zao linalogusa udongo, na siku 90 kwa zao lisilogusa udongo. Ni kipimo kizuri cha kufuata popote. Ndiyo maana baada ya kuku napanda mahindi au maboga: yanakaa muda mrefu shambani, yanapenda samadi, na hayaliwi mabichi. Mahindi yakitoka, zamu ya letusi, spinachi na kabichi. Zikitoka hizo, karoti na vitunguu, ambavyo havitaki samadi mpya. Karoti iliyopandwa kwenye samadi mbichi hugawanyika mizizi ikawa kama vidole. Mwisho maharage au njegere, kisha kuku wanarudi. Matuta manne, hatua nne, kila tuta liko hatua moja mbele ya mwenzake. Kwa mpangilio huo zile siku 120 zinapita zenyewe bila wewe kusubiri kitu.

Mzunguko huo unafanya pia kazi ya barafu usiyokuwa nayo. Kabichi, sukuma wiki, brokoli na figili ni ukoo mmoja na hushambuliwa na wadudu wale wale, kwa hiyo ziweke tuta moja na uzihamishe pamoja. Na mara moja kwa mwaka, kwa wiki sita hivi, usiwe na mmea wowote wa ukoo huo popote uani, hata kisiki cha kabichi kinachochipua. Watu wengi huviacha visiki hivyo kwa huruma, na ndimo vidukari wanamoishi kati ya zao na zao. Wape kuku.

Kuna wafugaji watakaokushauri ugawe ua mara mbili, banda katikati, kuku upande mmoja na mboga upande wa pili, uzibadilishe pande hizo kila baada ya miezi sita. Ni njia nzuri penye nafasi kubwa. Kwa mita zako 120 siipendi, kwa sababu kuku watano watageuza nusu ya ua kuwa uwanja mtupu ndani ya wiki chache, na udongo utapata samadi ya miezi sita mfululizo kabla hujaupanda. Afadhali uwanja mdogo wa kudumu wa mita za mraba 12 hadi 15 mbele ya banda, uliofunikwa majani makavu kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, na kizimba cha kusogeza kwa ajili ya matuta. Majani hayo hunyonya unyevu, huzuia matope, huwapa kuku kazi ya kupekua, na baada ya miezi mitatu minne huwa ni nusu ya mboji yako. Toa, weka mengine.

Ukitaka waonje uhuru, wafungulie saa moja kabla ya jua kuzama ukiwa hapo hapo. Saa hiyo kuku haendi mbali, na giza likianza kuingia hurudi bandani mwenyewe bila kufukuzwa. Waache kwenye njia na kingo za uzio. Kwenye letusi na spinachi wasikanyage hata kwa saa hiyo moja, hata kama majani yamekua. Hapo shida si kufukua, ni kinyesi juu ya jani litakaloliwa bichi.

Samadi sasa, maana hapa ndipo mali yako kubwa ilipo na ndipo ulipoumia. Kuku hana mkojo wa pembeni. Ile sehemu nyeupe unayoiona juu ya kinyesi ndiyo mkojo wake, asidi ya yuriki, yenye naitrojeni nyingi. Ikikutana na unyevu, bakteria huigeuza kuwa amonia, hewa ile inayochoma pua. Amonia pamoja na chumvi za samadi huizuia mizizi kunywa maji, na huiunguza ile laini kabisa. Kingo za jani ndizo za mwisho kufikiwa na maji, kwa hiyo ndizo hukauka kwanza. Spinachi yako haikuungua kwa moto wa juu. Ilikufa kiu ikiwa imesimama kwenye udongo uliolowa.

Dawa yake ni kaboni na joto. Kinyesi kitupu kina sehemu 7 hadi 10 tu za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Lundo la mboji linataka 25 hadi 30. Majani makavu yana kama 50, mabua makavu ya ngano kama 80, na vumbi la mbao huzidi hata 300. Kwa hiyo changanya ndoo moja ya samadi na ndoo tatu za majani makavu. Vumbi la mbao litumie kidogo, kwa sababu huoza polepole mno.

Kosa linalowapata wengi wenye kuku wachache ni kurundika kila siku: leo kiganja, kesho kiganja. Lundo la namna hiyo halipati joto kamwe. Linaoza, ndiyo, lakini kwa ubaridi, na vimelea na mbegu za magugu hubaki hai ndani yake. Joto linataka wingi unaokusanyika kwa mara moja, angalau mita 1 kwa mita 1 kwa mita 1. Kwa hiyo weka ubao chini ya fito za kulalia kuku, unyunyizie maranda makavu, na kila asubuhi ukwangue kinyesi cha usiku uweke kwenye pipa lenye mfuniko, ukichanganya na maranda kidogo ili kikae kikavu. Baada ya miezi miwili mitatu utakuwa na ndoo nne au tano. Siku hiyo ndiyo ya kujenga lundo: samadi yote, majani makavu ya uwanjani ndoo 12 hadi 15, na magugu mabichi na masalia ya bustani kiasi cha majani hayo, uongeze vyote kwa usawa mpaka lundo lifike ile mita 1 kila upande. Panga kwa matabaka membamba na mwagia maji kila tabaka. Chukua konzi kutoka katikati, ukamue kwa nguvu: likitoka tone moja au mawili, unyevu umetosha. Likitiririka, ongeza majani makavu.

Tafuta ufito wa chuma uchomeke hadi katikati ya lundo. Siku ya tatu au ya nne uchomoe na uushike mahali palipokuwa katikati. Ukishindwa kuendelea kuushika, lundo liko vizuri. Ukiwa na kipimajoto, unatafuta nyuzi 55 hadi 65. Geuza lundo kila baada ya siku tatu, mara tano, ili kilichokuwa nje kiingie ndani, kwa sababu kingo za lundo hazipati joto hilo mpaka zigeuzwe. Kisha liache lipoe na liive kwa wiki sita hadi nane likiwa limefunikwa mvua isilioshe. Pua itakuongoza zaidi kuliko maandishi yangu: harufu ya amonia inasema ongeza majani makavu, harufu ya kitu kilichovunda inasema maji ni mengi na hewa haipiti, ligeuze. Mboji iliyoiva inanuka udongo wa msituni baada ya mvua, na huwezi tena kutambua samadi ilikuwa ipi.

Mboji hiyo weka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 4 za mraba kabla ya kupanda mboga za majani, uichanganye na udongo wa juu. Usizidishe kwa kudhani mboga itakua mara mbili. Naitrojeni ikizidi, jani huwa kubwa, laini na la maji, na vidukari huja mbio.

Nije kwenye mayai, na hapa nitakuuliza mambo ambayo hukuyaandika. Unawapa mboga saa ngapi? Kuku hula gramu 100 hadi 120 za chakula kwa siku, na gole lake lina kikomo. Mboga ya majani ni maji kwa asilimia 90 hivi. Kuku akijazwa mboga asubuhi, jioni anaonekana ameshiba na gole limetuna, lakini hakupata protini ya kujenga yai. Chakula cha kuku wa mayai kinapaswa kuwa na protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4. Ganda la yai moja peke yake hubeba gramu 2 hivi za kalsiamu. Asiyepata kiasi hicho huchota kwenye mifupa yake mwenyewe, kisha huanza kutaga mayai ya ganda laini, kisha huacha.

Kwa hiyo badilisha saa. Chakula kamili asubuhi mpaka washibe, mboga alasiri, konzi moja kwa kuku, zifungwe kwa kamba zining'inie usawa wa kichwa ili wadonoe bila kukanyaga. Mboga, mabaki ya jikoni na nafaka vyote kwa pamoja visizidi sehemu moja ya kumi ya wanachokula. Maganda ya chaza yaliyosagwa, au maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri na kupondwa mpaka yasionekane kama yai, yawekwe kwenye chombo chake peke yake. Kila kuku anajua kiasi anachohitaji. Na sijasema uache mboga. Ndizo zinazokipa kiini rangi ile nzito ya machungwa, na kuku mwenye mboga ya kudonoa huwadonoa wenzake kidogo.

Majani ya viazi, viazi vyenye rangi ya kijani, majani ya nyanya, ganda na kokwa la parachichi, na maharage makavu yasiyopikwa yasiingie bandani. Hivi vina sumu kwa kuku.

Sababu ya pili ya mayai kupungua ni manyoya. Kuku anayekaribia miaka miwili huwa amefika wakati wa kupukutisha manyoya ya zamani, mara nyingi mchana unapoanza kufupika. Kazi hiyo huchukua wiki 8 hadi 12, na protini yote huenda kwenye manyoya mapya. Ukiona manyoya yametapakaa bandani na shingo za kuku zina miba midogo kama ya nungunungu, subiri tu. Na kama mahali ulipo mchana hupungua sana sehemu ya mwaka, kumbuka kuku huhitaji mwanga wa saa 14 hivi ili atage mfululizo.

Kutambua nani anataga na nani hatagi, mshike kuku kwapani, kichwa kikitazama nyuma yako, umpapase mifupa miwili myembamba iliyo pembeni ya tundu la kutagia. Vidole viwili au vitatu vikipita katikati na tundu ni pana na lenye unyevu, huyo anataga. Kikipita kidole kimoja kwa shida na tundu ni dogo, kavu, la manjano, amesimama. Fanya hivyo kwa wote watano jioni moja na uandike. Huenda ukagundua wawili wanataga kila siku na watatu wamepumzika, na hilo ni tofauti kabisa na wote watano kutaga kwa kusuasua.

Wote wakisuasua, shuku utitiri. Naomba ulifanye hili bila kukosa, kwa sababu kwenye hali ya hewa kama yako ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko magonjwa yote. Wadudu hawa hawakai mwilini mwa kuku mchana. Hujificha kwenye nyufa za fito na mbao, na hutoka gizani kunyonya damu. Mchana unaweza kumkagua kuku manyoya yote usione kitu. Subiri saa mbili baada ya giza kuingia, chukua tochi na kipande cha kitambaa cheupe, ukipitishe kwa nguvu upande wa chini wa ufito wanaolalia. Kikitoka na michirizi myekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Toa fito zote nje, zimwagie maji yanayochemka, nyufa zote za banda zimwagie hivyo hivyo, zikikauka pakaa mafuta ya kula kwenye nyufa na mahali fito zinapokalia. Rudia baada ya siku saba, kisha tena baada ya siku saba, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa, na kizazi kizima hukamilika ndani ya wiki moja hivi. Kuacha banda tupu kwa mwezi hakusaidii. Utitiri huweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kuku wenyewe wape beseni pana la udongo mkavu uliochanganywa na mchanga na majivu ya kuni, mahali pasipofika mvua. Wataoga humo kila siku, na vumbi hilo huwapunguzia wadudu.

Kuhusu banda sina mengi. Kuku watano wanatosheka na sakafu ya mita 2 za mraba, ufito wa sentimita 25 kwa kila mmoja, na viota viwili. Hewa iingie juu, karibu na paa, si usawa wa vichwa vyao. Alfajiri kabla hujafungua, inama mpaka pua yako iwe usawa wa kuku. Macho yakiwasha, wao wamekaa kwenye amonia hiyo usiku kucha, na vifua vyao vitaugua. Waya mwembamba wa kuku unawazuia kuku kutoka, ila haumzuii mnyama mwenye meno. Kwenye madirisha tumia wavu mgumu wenye matundu ya milimita 12 hivi, na nje ya banda laza wavu juu ya ardhi upana wa sentimita 30 hadi 45, kwa sababu mchimbaji huanza kuchimba pale ukuta unapogusa ardhi.

Chanjo ya kideri, yaani mdondo, usiikose, uifuatilie na mtaalamu wa mifugo kwa ratiba ya aina ya chanjo aliyonayo. Vyombo vya chakula na maji vifunikwe ndege wa porini wasivitumie. Na kila aliyeshika kuku, yai au samadi anawe mikono kwa sabuni, watoto kwanza.

Sasa lile tuta lililoungua. Halijafa. Okota mabonge ya samadi yanayoonekana uyapeleke kwenye pipa. Limwagilie maji mengi leo, uache siku mbili, umwagilie tena, ili chumvi zishuke chini ya mizizi. Changanya majani makavu yaliyopondwa kwenye udongo wa juu. Bakteria watakaoyaozesha watatumia ile naitrojeni iliyozidi. Funika kwa majani, uliache wiki tatu. Baada ya hapo panda mbegu 10 za maharage katikati yake, na nyingine 10 kwenye chombo chenye udongo wa mahali pengine. Maharage ni mepesi kuathirika na chumvi, kwa hiyo hayafichi. Yakiota sawa na yale ya kwenye chombo, na majani ya pili yakatoka mapana na ya kijani bila kukauka kingo, panda mahindi au maboga, na tarehe ile ya kumwaga samadi uiandike kwenye daftari kama unavyoiandika ya kuku. Yakiota mawili matatu tu, au yakatoka yamejikunja, mwagilia tena na ungoje wiki mbili nyingine kabla ya kupanda mbegu 10 mpya.